Pombe ya Mlangoni

Mume wangu Kipriani ana akili zake timamu. Kilichokufa ni miguu, tangu alipoanguka kutoka juu ya paa akipiga bati. Nasema hivyo mapema kwa sababu hapa Busunzu watu wakimkuta kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu wananiuliza mimi kama amelala vizuri.

Mwaka jana kaka yake mkubwa, Stanislaus, aliitisha kikao cha ukoo. Wakampa yeye shamba letu la kahawa, eti asiyeshika jembe ana haja gani na ardhi. Na mimi ninayelima ni nani, mbuzi? Lile shamba ndilo linalowalisha na kuwasomesha watoto wetu. Hatuna lingine.

Tukaenda Kibondo kwa wakili mmoja, kijana mtanashati aliyehamia kutoka Dar. Alizungumza na mimi tu.

"Shemeji yako anasema mgonjwa alikuwepo, akanywa pombe ya makubaliano. Ni kweli?"

"Ni kweli, nilikunywa," Kipriani akajibu.

Basi wakili akafunga faili. Aliyekunywa na wenzake amekubali, akasema. Akanishauri tuiombe mahakama itamke kwamba Kipriani hana uwezo wa kujiamulia, ili mimi nisimamie mali zake. Yaani nimzike mume wangu akiwa hai ndipo nipate shamba! Nilitoka bila kuaga, na sijutii.

Aliyetuokoa ni Nsimire, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anayetembea kwa magongo. Tulikutana naye hospitali. "Muende Kasulu kwa Wakili Nduwayezu," akasema. "Ni mutoto wa huku, ye anatuelewaka."

Ofisi yake ina ngazi. Alipotuona chini akashuka, akampigia Kipriani makofi ya salamu kama mtu na mkubwa wake. Nilipofungua mdomo nieleze, akanizuia kwa upole.

"Subiri mama, nitakufikia. Kaka, hiyo pombe ulinywea wapi?"

"Mlangoni. Waliniletea kwenye kikombe."

"Hawakukupa mrija?"

"Hawakunipa."

Akaweka kalamu chini. Kwetu maneno ya ukoo husemwa kwenye mtungi, kila mwenye sauti na mrija wake. Kikombe hupewa mpita njia. Yule wa Kibondo asingejua hilo, sawa, lakini kuuliza kungemgharimu nini?

Mbele ya baraza la ardhi Stanislaus alisimama kifua mbele, akaapa kwamba mdogo wake alikubali kwa kunywa.

"Alinywa kwenye mtungi?" wakili akauliza.

Stanislaus akawatazama wazee wenzake. "Kikombe. Mtungi ulikuwa ndani, na baiskeli yake haipiti mlangoni."

"Mlikuwa wanaume wangapi?" mwenyekiti akadakia.

"Tisa."

"Wanaume tisa mlishindwa kutoa mtungi mmoja nje?"

Mwenyekiti akamgeukia Kipriani, akamwuliza kwa nini hakupinga siku ile.

"Nilisikia kila neno," Kipriani akasema. "Nilikuwa nasubiri waniulize."

Niliyekuwa na hasira miezi yote ile nikalia mbele za watu.

Baraza lilitengua uamuzi wa kikao, shamba likabaki letu. Sasa Stanislaus anatuma watu, anataka ukoo ukae upya tupatane. Kipriani amekubali, mradi mtungi uwekwe uani. Mimi bado sijakubali.