Kidole Chini ya Mashine ya Madamu

…na bado mayi inapita, inashuka mpaka kwapani, lakini mimi Kasonde sishindwi na mupira, wa baisikeli, wa mashine ya kuosha sahani, mupira ni mupira, Kashikishi yote inajua nani anaziba, hata Watson aliyemaliza shule ananiletea gurudumu lake kichwa chini, mimi niliacha Standadi ya Pili kwa huruma tu, mwalimu alikuwa anachoka… «Kasonde, inaisha?» ni Madamu Mugiriki, yuko barazani, mashine yake imefika juzi na mashua toka Kasenga na tayari inakojoa, inaisha Madamu, bado kidogo! nimelala chali, kidole juu ya tundu, na pale mlangoni naona miguu, miguu tu, visigino vimepasuka… Mama Eneless, mama ya Beauty wangu, mwenye kuosha sahani za nyumba hii, nafunga macho upesi, mukwe hatazami mama mukwe kabla ya kile chakula cha kuondoa haya, juzi sokoni nilimuona nikaruka majanini na baisikeli na samaki zote, Beauty alicheka mpaka akakaa chini… na mama mukwe hanisemeshi, anasemesha paka: «We paka, kuna mutu fundi sana, eh? Akiziba leo, kesho mashine inaosha, na mimi narudi Puta kuanika samaki, mimi na mutoto wangu.» Puta! na Beauty! kidole kinapapasa… ngoja, mupira ukizeeka unapasukapasuka kama kile kisigino, hapa pamenyooka, pamekatwa, hii ni kazi ya kisu cha samaki, mkono uliozoea… ah, mama mukwe! na kiraka kiko mfukoni, na gundi, nipake, nipulizie, imekwisha, jina langu linafika Kabuta kabla ya jua kuzama… nisipoziba, Watson atasimulia mpaka mlangoni kwa kanisa, fundi mkubwa kashindwa na mayi ya vikombe, acheke, meno ni yake, lakini gurudumu lake ataziba na mate… «Kasonde! Inaisha?» miguu haiondoki, nasikia kidole kimoja cha mguu kinakwaruza sakafu, kinangoja, na mimi ninalo jibu, sijapata kulisema tangu nizaliwe, nalijaribu kwanza kimya, imenishinda, Madamu… kiraka nakiacha mfukoni, nalijaribu tena, na mayi inapita, inapita tu…