Kosa Langu, Endelea

Katika chumba cha simu cha polisi wa Corvin kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Askari akikosea njia, au akisikia namba ya nyumba vibaya, kisha akaanza kubisha kwenye simu ya upepo, anayeongoza doria husema, "Kosa langu, endelea." Anasema hivyo hata kama kosa si lake, kwa sababu wawili wakibishana hewani, wa tatu mwenye shida hawezi kupenya. Verna Stachowiak alikuwa amesema maneno hayo mara nyingi kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Hakuna aliyewahi kumdai zaidi ya hapo, naye hakuwahi kuyafikiria.

Chumba kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha. Kulikuwa na meza mbili na viti viwili. Tangu majira ya kupukutika majani, kiti cha pili kilikuwa kitupu, kwani Jolene Purdy alipandishwa juu kukaa kaunta baada ya karani wa kule kustaafu. Ilisemwa ni kwa muda. Verna hakulalamika. Alizoea kuvisogeza vipokea sauti kutoka sikio moja hadi jingine na kula mkate wake kati ya simu na simu.

Mumewe, Gene, alikuwa amekufa, na mwana wao aliishi Arizona. Siku za mapumziko hakuzungumza na mtu. Jumatatu asubuhi sauti ilikuwa imemkauka, na ilimbidi akohoe garini kabla ya kushuka, ili mtu wa kwanza atakayepiga asidhani amepigia nyumba ya mgonjwa. Kazini watu walimwambia mambo ambayo hawakuwaambia ndugu zao, kisha gari likafika, simu ikakatwa, na yeye hakujua mwisho wa habari hata moja. Hata hivyo zilikuwa sauti, na hakuwa na nyingine.

Katika chama cha wafanyakazi wa polisi wasio askari hakuwa amejiunga. Sheria ilimruhusu kukaa nje, na mkataba wa hali bora uliojadiliwa na chama ulimpa nyongeza ya mshahara kama wengine. Mwakilishi wa chama alikuwa Lamont Fiske, mtunza stoo ya vielelezo, mwanamume mrefu mwenye sweta lenye viraka viwikoni. Kila mwaka alimwekea kadi ya kujiunga karibu na mashine ya kahawa.

"Chama hakiumi, Verna."

"Sina ugomvi na mtu, Lamont."

"Hakuna aliyekuwa nao hadi siku ulipomfikia."

Verna aliitia kadi kwenye droo, juu ya zile nyingine.

Jumanne moja ya Februari theluji inayoletwa na upepo wa ziwa ilianguka tangu alfajiri. Lori lilipinduka kwenye barabara kuu, magari yakarundikana nyuma yake, na laini zote zikawaka kwa pamoja. Katikati ya hayo alipiga simu mwanamke wa Mtaa wa Tanner. Mumewe alikuwa ameanguka jikoni na hapumui. Verna alituma gari la wagonjwa, akamwelekeza namna ya kukandamiza kifua, kisha akachukua simu nyingine, na nyingine baada ya hiyo. Aliporudi kwenye laini ya Mtaa wa Tanner hakujibiwa. Gari la wagonjwa lilichelewa kwa sababu ya theluji. Mwanamume yule alifia hospitali, na kaka wa marehemu akaandika kwa meya kwamba polisi walimtelekeza shemeji yake, yule mama, kwenye simu.

Kapteni Noreen Hallbeck alimwita Verna kwa Alhamisi mchana. "Mazungumzo madogo tu," alisema. "Nitaleta kahawa."

Verna alikuwa amefanya kazi hapo miaka ya kutosha kujua maana ya kahawa ya kapteni. Karani wa leseni aliwahi kupewa, na kabla ya Pasaka dawati lake lilikuwa na mtu mwingine. Asubuhi ya Alhamisi alitoa kadi moja kutoka kwenye droo, akaenda nayo stoo.

Lamont alikuwa akibandika lebo kwenye baiskeli iliyoibwa. Aliiangalia kadi bila kuipokea.

"Unajua watakavyosema wenzangu? Watasema huyu anakata bima nyumba ikiwaka."

"Watakuwa wamesema kweli."

"Sheria ya jimbo hainilazimishi kumsindikiza asiye mwanachama kwenye kuhojiwa. Wako watakaotaka niiangalie sheria hiyo kwa darubini."

"Na wewe?"

Lamont alimaliza kubandika lebo. "Mimi ndiye ninayezipokea kadi," alisema. "Tia saini. Sasa nisikilize, mama. Nitakuja hadi mlangoni. Kuingia siwezi mpaka uniombe, na uombe wewe mwenyewe, mbele yake. Hatakukumbusha. Si kazi yake kukukumbusha."

"Niseme nini?"

"Sema unanitaka ndani. Basi."

Kapteni Hallbeck hakuwa mtu mbaya. Alimvutia Verna kiti, akamsogezea kikombe, kisha akamwona Lamont kwenye ukumbi.

"Lamont, una shida?"

"Nasubiri kuitwa, Kapteni."

Kapteni alimgeukia Verna. "Tunazungumza tu, wewe na mimi. Tumefahamiana tangu nikiwa askari wa doria, ukiniongoza gizani. Unadhani tunahitaji mtu wa tatu?"

Verna aliangalia kikombe. Katika kazi yake aliogopa ukimya kuliko kelele, na siku zote ndiye aliyewahi kuuvunja. Alimpenda Noreen Hallbeck. Alitamani kumfurahisha, kama alivyotamani kumfurahisha kila aliyemwita kwa jina.

"Namtaka ndani," alisema.

Lamont aliingia, akakaa upande wa Verna, si kando ya meza. Kiti chake kilikuwa karibu kiasi kwamba Verna alisikia harufu ya gundi ya lebo kwenye mikono yake. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kukaa upande wake wa meza yoyote.

Kapteni alifungua faili. "Swali ni moja. Kwa nini ulimwacha yule mama kwenye laini?"

Verna alijibu mara moja, kwa sauti ileile tulivu ya kazini. "Kosa la—"

"Kapteni," Lamont alisema, "tunaomba dakika chache nje."

Ukumbini alimsogeza hadi karibu na mashine ya soda. "Ulitaka kusema nini?"

"Kosa langu. Ndivyo tunavyosema."

"Mnasema hewani, na upepo unachukua. Mle ndani yakishaandikwa hayafutiki. Kwani ulimwacha?"

"Nilirudi, hakuwepo. Nadhani nilikaa muda mrefu mno kwa wengine."

"Unadhani. Umesikiliza rekodi?"

"Hakuna aliyeniambia nisikilize."

"Mkataba unasema mfanyakazi asikilize kabla hajajibu. Tuliupigania mwaka ule nyinyi mkituona wachochezi. Turudi."

Kapteni hakubisha, kifungu kilikuwa kifungu. Aliweka rekodi, wote watatu wakainama.

Verna alijisikia akiongea kama mtu mwingine, mwanamke asiye na haraka. "Weka simu sakafuni, mama. Utahitaji mikono yote miwili. Hesabu kwa sauti, nikusikie." Kisha laini ikawa kimya upande wake. Simu nyingine zililia nyuma, zikajibiwa kwa sauti ileile moja. Akarudi: "Mama, upo?" Akaenda, akarudi tena: "Mama, gari liko njiani." Hakujibiwa. Lakini sasa, chumbani humu pasipo simu zinazolia, ilisikika sauti nyingine, mbali na simu, hafifu, ya mtu anayehesabu na kuhema. Alikuwa akihesabu kama alivyoambiwa. Hakuacha mpaka mlango ulipofunguliwa na wenye machela.

Lamont ndiye aliyeuliza, polepole, kama anayesoma lebo.

"Zamu ya mchana ni ya watu wawili. Wa pili alikuwa wapi?"

"Kaunta," Kapteni alisema.

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu." Alifunga faili. "Mimi nami niliamriwa nijaze kaunta."

Verna hakupewa onyo. Jolene aliamriwa kurudi chini Jumatatu ya wiki ya pili. Kahawa ilibaki mezani bila kuguswa.

Kwenye ngazi Lamont alisema, "Usinishukuru. Kuna mkutano Jumatano. Lete saladi."

"Yule bwana bado amekufa, Lamont."

"Ndiyo. Chama hakifufui mtu."

Jumatano alikwenda kwenye ukumbi wa zimamoto wa kujitolea na bakuli la saladi ya kabichi. Fundi mmoja wa gereji, Wendell, alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Stachowiak. Tulidhani umefia kule chini."

"Mlikuwa mnasikia sauti yangu kila siku."

"Tulidhani ni mashine."

Wachache walicheka, naye hakukasirika. Alikula viazi vyake vya chumvi kwenye meza ya mwisho, karibu na makoti. Walipopiga kura kuhusu likizo ya ugonjwa aliinua mkono pamoja nao, kisha akaendesha gari kurudi nyumbani. Alipitia Mtaa wa Tanner, ingawa haukuwa njia yake. Nyumba moja haikuwa imeondolewa theluji mlangoni, na ndani taa ya jikoni ilikuwa ikiwaka. Kanuni zinakataza kuwatafuta wapiga simu. Hakupunguza mwendo.

Jumatatu iliyofuata Jolene alikuwa kwenye kiti cha pili, akimenya chungwa. Harufu ilijaa chumba. Verna hakujua mtu anamwambia nini mwenzake bila kukanyaga kanyagio la kusemea, kwa hiyo hakusema kitu, na Jolene hakuonekana kujali.

Kabla ya saa sita askari kijana aitwaye Ruggiero aligeukia upande usio sahihi wa mto. "Ulisema mashariki," alisema hewani, kwa ukali.

Mguu wa Verna ulikuwa tayari kwenye kanyagio. Jolene alimtazama, kipande cha chungwa mkononi.

"Nilisema magharibi," Verna alijibu. "Endelea."

Hewa ilinyamaza. Aliuacha ukimya ule, safari hii hakuuvunja.

"Nimekusikia," Ruggiero alisema hatimaye. "Langu hilo."

Jolene alisukuma nusu ya chungwa upande wa pili wa meza. Verna alikohoa kwanza, kama afanyavyo garini, kisha akasema ahsante.