Taa ya Mashini ya Christophe

Taa ya kijani ilikuwa inawaka ndani ya depo, stoo ya redio yetu, chumba ambacho hakikupaswa kuwa na kitu chochote kinachowaka. Nilisimama mlangoni nikiisikiliza feni ya mashini kuukuu, kompyuta yetu ya zamani, ikikoroma.

Tangu asubuhi redio yetu ya Kasongo haikuwa na habari hata moja ya barabara. Macho yetu yalikuwa watu wa vijijini, kutoka Salamabila hadi Kabambare na kuja huku. Wakiona wenye bunduki njiani, walituma ujumbe kwa simu, ukaingia kwenye mashini, Mama Laetitia akausoma hewani. Waendesha pikipiki walifunga redio ndogo kwenye usukani. Redio isiposema kitu, walipita bila wasiwasi. Na Pacifique, mwana wa Mama Laetitia, alikuwa ameshaondoka Kabambare kwa pikipiki yake, akimleta mchuuzi wa dhahabu.

Mimi sikuupenda ukimya ule hata kidogo. Barabara yetu ile, jamani, ina maneno kuliko mke mwenza. Haikosi hata habari ya lori lililozama matopeni.

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimehamisha mashini. Ya zamani ilikuwa ya marehemu Christophe, mume wa Mama Laetitia, fundi aliyenifundisha kazi. Yeye ndiye aliyeiwekea Linux, mfumo wa kuiendesha, akailea, akaipangusa kila jioni kwa shati lake mwenyewe. Lakini vumbi na joto vilikuwa vimeshaila. Nikanakili diski yake nzima, nikaipandisha ndani ya mashini mpya yenye nguvu, ikae humo kama mpangaji katika nyumba kubwa: mashini isiyo na umbo lake, ila jina lile lile na anwani ile ile ya mtandao. Wenzangu wa redio walinitazama kana kwamba nawahadithia mizimu. Basi nikarahisisha. Nikasema roho imehama, hapa umebaki mwili tu. Nikaizima, nikaipeleka depo, nikaonya kwamba zikiwaka zote mbili kwa anwani moja, ujumbe utapotea njia.

Onyo hilo nani alilisikia? Walilishika neno moja: mwili. Na Christophe matanga yake yalikuwa hayajaisha. Uani kwake magogo yalikuwa bado yanafuka, watu wakipokezana kuchochea, maana kwetu moto wa marehemu hauzimwi kabla ya siku yake.

Mama Laetitia alikuja nyuma yangu, kitambaa cheusi kichwani.

"Ni miye niliiwasha," alisema. "Baba yenu bado tuko tunamulilia. Mutazimaje moto wake?"

Depo ile zamani ilikuwa atelye ya Christophe, karakana yake, na nyaya za mtandao zilikuwa bado ukutani. Alikuwa amezichomeka zote, kama alivyomwona mumewe akizichomeka miaka nenda miaka rudi. Nilileta skrini, nikaiunganisha, na jumbe zikajitokeza, zote zilizopaswa kufika studio. Mama Laetitia alianza kusoma ya juu kwa sauti yake ya hewani, kwa mazoea tu: wenye bunduki wako darajani, wamejificha, pikipiki zisipite. Katikati sauti ikamkatika. Ujumbe ulikuwa wa asubuhi.

Nilinyoosha mkono kwenye waya wa umeme, mkono ukakataa. Nilikula sahani moja na Christophe. Mama Laetitia akanishika kiganja.

"Acha, mwanangu. Nitaizima miye."

Akauchomoa waya. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Akaenda studio bila kukimbia, akalisoma onyo mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akavunja kanuni ya redio, ambayo yeye ndiye aliyetufundisha, kwamba hewani hatuiti watu wetu.

"Pacifique, mutoto wangu, kama uko unanisikia, rudi."

Jua lilikuwa limeanza kuinama tuliposikia pikipiki. Mlio ule wa pikipiki ya Pacifique kila mtu mtaani aliujua, kwa ile egzosi yake, bomba la moshi, iliyotoboka. Kuna mtu alisema asante Mungu. Mimi niliogopa zaidi, na sikujua kwa nini mpaka ilipokata kona.

Aliyeendesha alikuwa Paluku, yule mchuuzi. Peke yake. Mguu mmoja hauna kiatu, shati limepasuka begani. Alishuka, akashindwa kuisimamisha pikipiki, akaiacha ianguke.

Msafiri haulizwi habari kabla hajanywa maji. Mama Laetitia alimvutia kiti, akamletea maji kwenye kopo kwa mikono miwili, akasimama mbele yake. Paluku alikunywa polepole, macho ndani ya kopo. Yalipoisha, akaomba mengine.

Hakuwa na kiu. Sote tulijua, na Mama Laetitia alijua kutuzidi sote. Akalichukua kopo, akaenda kumletea.