Bisibisi Iliyosahauliwa Nyumbani

Hakuna watu wenye jeshi kubwa la anga kama wanywa kahawa wa Hombolo. Asubuhi ile benchi zima lilikuwa angani. Shaaban, muuza kahawa, alishikilia kwamba ndege ya kivita ni mbio. Mwalimu Octavian akamcheka: mbio za nini, wakati adui ana rada ya kukuona kabla hujamwona? Shaaban akahamia kwenye wepesi wa kukata kona. Wote wawili hawakuwahi kupanda hata ndege ya abiria.

Mzee Elieza alikaa pembeni na kikombe chake. Alikuwa fundi wa ndege za kivita kwa miaka mingi, na kwa kawaida neno lake ndilo lililomaliza ubishi. Leo aliwaacha wabishane, akili yake yote ikiwa kwenye simu ya asubuhi. Saa mbili binti yake Frida, ambaye ni rubani wa ndege za kivita, alikuwa amempigia simu. Alisema saa nne anaruka kwenye mazoezi ya kupambana angani. Akacheka kwamba fundi wake alihangaika kutafuta bisibisi, mwishowe akasema ameisahau nyumbani.

Elieza aliujua uongo huo. Kwenye sanduku la fundi wa ndege kila kifaa kina tundu lake, na tundu moja likibaki wazi, ndege hairuki mpaka kifaa kipatikane. Miaka thelathini nyuma tundu la bisibisi yake lilibaki wazi. Kwa kuogopa adhabu, akasema ameiacha nyumbani. Kumbe ilikuwa ndani ya ndege, ikaenda kubana mtambo wa usukani. Hakuna aliyewahi kujua. Frida alipenda ndege kwa kumtazama baba yake, na sasa Elieza akimwambia ukweli atamkosa. Asipomwambia, atamzika.

"Mzee Elieza, hebu tuamulie," alisema Octavian. "Mbio au rada?"

Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Vyote ni bure kama fundi ni mwongo," alijibu. Akapiga simu palepale mbele yao, maana alijijua: akienda kando angeghairi.

"Frida, usipande. Hiyo bisibisi imo ndani ya ndege. Mimi pia niliwahi kusema nimeisahau nyumbani, na haikuwa nyumbani."

Simu ikakatika.

Shaaban aliacha kumimina kahawa. Saa nne ikafika, ikapita. Elieza alijaribu kusali, akashindwa hata kuanza, akabaki anaikodolea macho simu iliyolala mapajani. Ilipoita, Octavian ndiye aliyeipokea na kumshikia sikioni.

"Imepatikana chini ya kiti," alisema Frida. Hakutanguliza "baba" kama kawaida yake. "Rubani wako wewe alirudi?"

"Hakurudi."

"Aliitwa nani?"

Kwa miaka thelathini Elieza hakuwahi kulitamka jina hilo, hata kwenye sala.

"Luteni Mudrick," alisema. "Alikuwa na umri wako."