Mama Mkwe wa Dirishani

Hakuna aliyemlazimisha Dorca kusoma Kiingereza. Alijitakia mwenyewe, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akina mama wauza samaki wa Asembo Bay walitaka awe katibu wa chama chao, mradi apate cheti cha Kiingereza cha ngumbaru, masomo ya watu wazima. Naye, wacha niseme wazi, alikitamani cheo hicho kuliko kitu chochote tangu aolewe.

Balaa ni kwamba mwalimu alikuwa Absalom, mume wa binti yake. Kwa Wajaluo, mama mkwe na mkwewe hawakai chumba kimoja, sembuse kutazamana. Basi mwaka huo wa 1986 Dorca akasomea nje, kwenye kigoda chini ya dirisha, mgongo ukutani. Masikio alikuwa nayo, akanasa kila kitu: salamu, hesabu, siku za juma.

Kisha wakafika kwenye maneno pacha. Absalom akasoma "sun" na "son", "meat" na "meet". Wa ndani waliyaona ubaoni, kila moja na sura yake. Dorca alisikia neno lile lile mara mbili, akadhani mwalimu ameshikwa na kigugumizi. Jaribio la kwanza akapata sufuri.

"Hii maneno si ya masikio, ni ya macho," jirani yake Maximilla akamwambia. "Ingia ndani, Mama!"

"Nimwangalie mkwe wangu kwa uso? Unataka laana ya chira inimalize?"

Alijibu kwa ukali, lakini aibu ilimchoma. Alirudi sokoni akaparua hata kambare, samaki asiye na magamba.

Jumatatu alipofika, Absalom hakuwa darasani. Alikuwa amejaza ubao, akatoka kwenda kusimama nyuma ya jengo, uso ziwani.

"Wanafunzi wote waingie," alipaza sauti kupitia dirisha la huko. "Nimesema wote!"

Dorca akaingia, akaketi kwenye benchi kwa mara ya kwanza. Alipoyaona yale maneno pacha, alicheka hadi machozi yakamtoka.

Siku ya mtihani mvua ikanyesha ya kufa mtu. Absalom hakuondoka dirishani. Alisoma imla, neno moja moja, mpaka sauti ikaanza kutetemeka kwa baridi. Dorca alimhurumia sana. Aliinuka, akavua leso mabegani, akarudi kinyumenyume hadi dirishani na kuipenyeza nje bila kugeuka.

"Shika, baba. Jifunike."

Alipoketi tena, neno moja lilikuwa limeshampita. Cheti alikipata kwa alama kumi na tisa kati ya ishirini, na ile moja hakuijutia hata siku moja.