Lenzi ya Vioo Siku ya Upadrisho

Polikarp alikuwa ameshapanda na kushuka ngazi za roshani ya kwaya mara nne, na misa bado saa nzima. Kuku anayetafuta pa kutagia ana nafuu. Anagusa stendi, anagusa kamera, anagusa lenzi, halafu anaanza upya, mpaka asiyemjua angedhani ni yeye anayepewa upadre leo.

Anayepewa alikuwa mdogo wake, Remmy, na hapo ndipo penye mambo. Baba yao, mzee Ildefonsi, alikuwa amekula kiapo kwamba hatakanyaga kanisani siku hiyo. Polikarp ana mabinti watatu, na mzee alishajipangia kwamba mjukuu wa kiume wa kurithi jina la babu atatoka kwa Remmy. Remmy akashikilia upadre wake. Mwaka wa tatu huu mzee hajalitamka jina la mtoto huyo nyumbani kwake Lizaboni. Akimtaja sana ni "yule". Ukaidi wa namna ile hata punda angeuonea aibu.

Sasa, desturi ya kwao ni kwamba mtoto akiingia upadre, wazazi wawili humshika mkono, huyu wa kulia na huyu wa kushoto, wakamkabidhi kwa askofu mbele ya watu wote. Mama Lidwina alikataa katakata mjomba au jirani asimame mahali pa mumewe.

"Nitamshika mikono yote miwili mwenyewe," alisema. "Na wewe, Polikarp, unipige picha hapo hapo. Nitamwekea baba yako mezani aone alivyoniacha."

Basi hicho ndicho kilichokuwa kikimwasha Polikarp miguu: picha moja, ya sekunde chache, isiyorudiwa.

Ingekuwa zamani angesogea hadi miguuni pa askofu. Lakini kamati ya sherehe ilichoka na wapiga picha wanaowapa waumini mgongo, ikaamua wote wakae roshani, nyuma kabisa. Kwa lenzi zake za kawaida mama angetoka mdogo kama punje ya mahindi. Ndipo alipoikumbuka lenzi ya vioo aliyoachiwa na padri mmoja Mjerumani, mpenda ndege, alipokuwa anarudi kwao kuzeeka. Ni fupi na nene, ndani yake vioo viwili hurushiana mwanga, ndiyo maana inavuta mbali bila kuwa ndefu. Ila ina masharti kama mganga. Haijirekebishi yenyewe, lazima uzungushe pete yake kwa mkono. Inataka mwanga mwingi, na ukiitikisa kidogo tu, picha imekwenda.

"Sufuria hilo utapikia nini?" Saimon, mpiga picha mwenzake, alimtania.

"Litaivisha kabla ya lako," Polikarp alijibu, wala hakucheka.

Saa moja asubuhi, baridi ya Julai ikiuma vidole, alikuwa amekilenga kiti cha askofu, akazungusha pete mpaka nakshi za kiti zikaonekana moja moja. Kisha akaifunga pete kwa plasta ya kidonda isisogee. Alijiona mjanja. Hakukumbuka kwamba vyuma na vioo vile husogea joto likipanda, na roshani iko chini ya bati tupu.

Saa nne na nusu jina la Remmy likaitwa. Mama Lidwina akasimama na kitenge chake cha kijani, akamshika mwanawe mikono yote miwili, wakaanza kusogea mbele. Vigelegele vikajaa kanisa. Polikarp akaweka jicho kwenye kamera.

Ukungu. Mama ukungu, Remmy ukungu, askofu doa jeupe. Polikarp akaibandua plasta kwa kucha, akazungusha pete, akapitiliza, wale wakazidi kuyeyuka. Na nyuma yao, kwenye mlango wa pembeni unaotokea uani, uso mmoja ukaja wazi hadi mikunjo.

Alikuwa baba yake. Amevaa koti la harusi, kofia ameikumbatia kifuani kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ameunyosha mbele, kiganja juu, anamkabidhi mwanawe kutoka kule mlangoni.

Kuirudisha pete kwa mama kungechukua sekunde mbili, na mzee angeweza kuondoka ndani ya hizo mbili. Liwalo na liwe. Polikarp alibana pumzi, akabonyeza, akabonyeza tena. Alipomrudia mama, Remmy alishapiga magoti, na mama alikuwa amegeuka kurudi kwenye benchi. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Baada ya misa mama aliishika kamera muda mrefu. Polikarp alifungua begi, akalifunga, akalifungua tena.

"Mimi siko hapa," mama alisema.

"Wewe ni hilo wingu la kijani. Nisamehe, mama. Ilikuwa ama wewe ama yeye."

Mama alijifuta macho kwa pindo la kitenge, akasema waende nyumbani.

Mzee Ildefonsi walimkuta barazani na nguo zake za shamba, jembe pembeni, limekauka kabisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mimi nilikuwa shambani," alisema, na hakuna aliyemuuliza. Miguuni bado alikuwa na viatu vyeusi vya kanisani.

Mama Lidwina alikuwa na kila sababu ya kumkaanga. Miaka mitatu alikuwa akiyatunza maneno. Akaviona vile viatu, maneno yakamwisha.

"Picha hazikutoka, baba Polikarp," alisema.

Mzee alitazama chini. "Hata moja?"

"Moja."

Akampa kamera. Mzee akaisogeza karibu na macho, akautazama mkono wake mwenyewe mpaka Polikarp akaanza tena kuhangaika na begi.

"Mbona Remmy haonekani?" mzee aliuliza.

Mama alikaa chini palepale. Miaka mitatu hakuwa amelisikia jina hilo kinywani mwake.

"Lenzi ilikuwa imekushika wewe, baba," Polikarp alisema.

Mzee akamrudishia kamera. "Misa yake ya kwanza kesho ni saa ngapi?"

"Saa tatu, parokiani kwetu hapa."

"Basi kesho," alisema bila kuinua macho, "hilo dude liache nyumbani. Utupige kwa karibu."