Sauti Chini ya Kufuli

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, binti yule wa miaka tisa alikuwa akipanda treni ya mama yake. Treni yenyewe ilikuwa mchezo ndani ya laptopu kuukuu, juu ya meza ya chumba cha mbele, na kuiendesha wala hakujua sana. Akichelewa breki, ilipitiliza kituo ikaenda kusimama porini. Hakujali. Alichokifuata ni sauti. Treni ikikaribia kituo, mwanamke mmoja mtulivu, mwenye mafua kidogo, alisema: "Kituo kinachofuata ni Darajani. Abiria wa behewa la mwisho, mlango wenu haufunguki, sogeeni mbele."

"Haya, mama," binti aliitikia, ndipo anavua viatu.

Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alimsikia kutoka chumba cha pili akajifanya anakohoa.

Fundi alitengeneza taa za ishara za reli kwa miaka kumi na saba, na mkewe alikuwa akitangaza vituo ndani ya treni za reli hiyo hiyo. Reli ilipofungwa, wote wawili waliletewa barua za kuachishwa kazi asubuhi moja. Wenzao walifungua vibanda, wengine wakahama. Fundi alijifungia ndani mwaka mzima akaijenga reli ile upya, vituo kumi na tisa, na kila nguzo mahali pake. Kwa asiyejua mambo haya: mchezo wa kuendesha treni watu huununua kwa kampuni iliyoutunga, halafu mafundi wa pembeni hutengeneza nyongeza za kupachika ndani yake, njia mpya, mabehewa mapya, na kuziuza. Ya Fundi ilikuwa moja ya hizo.

Matangazo aliyasema mkewe, jikoni, amejifunika godoro kichwani ili kelele za majirani zisiingie kwenye kipaza sauti. Alikuwa na mafua siku hiyo, akalalamika joto, akacheka, akarudia kituo cha saba mara tano. Miezi minne baadaye alikuwa kaburini. Maradhi yalikuwa yamemkaa mwilini siku nyingi na hakuna aliyejua. Aliacha picha nne na gauni la kazi. Simu yake ilikuwa ya vitufe, haikurekodi kitu. Sauti yake ilibaki kwenye nyongeza ile tu, na Fundi alimwahidi binti yao, wakiwa bado na vumbi la makaburini miguuni, kwamba hataacha kuisikia hata siku moja.

Kwa hiyo, asije akaibiwa, akaweka kufuli, na kufuli lenyewe si la mchezo. Nyongeza ikifunguliwa popote duniani, iliiuliza kwanza mashine iliyokuwa ikiunguruma chini ya kitanda cha Fundi: huyu kanunua? Mashine ikikubali, inaipa ufunguo na sauti inatoka. Ikikataa, au isipopatikana, treni inatembea kimya. Hata nakala ya bintiye aliitia kufuli lile lile, apate kulipima kila siku. Mtu mzima, akili zake timamu, anamfungia mwanawe sauti ya mama yake kwa kufuli la dukani. Lakini alijivunia kazi yake, na wakati huo ungemwambia nini.

Haikuchukua nusu mwaka, kufuli likavunjwa. Aliyelivunja alikuwa mfanyakazi wa duka la uchapishaji upande wa pili wa mji, jamaa waliyemwita Sadaka kwa sababu kila alichokipata alikigawa. Aliitoa nyongeza kwenye kufuli akaiachia kwenye mtandao wa kugawana mafaili. Huko faili halikai mahali pamoja. Kila aliyelichukua huacha kompyuta yake wazi, wengine wachukue vipande kutoka kwake, na faili huishi muda wote ambao mtu mmoja angalau amelishikilia zima.

Fundi aliligundua asubuhi moja akinywa chai. Alisoma maoni. Mtu mmoja aliandika kwamba mtangazaji anaongea kana kwamba pua imezibwa na uji, na watu sitini wakacheka chini yake. Alisukuma kikombe, akainuka, akakaa tena.

"Kuna mwizi amemchukua mama yako," alimwambia binti aliporudi. "Anamgawa ovyo kwa kila mpita njia."

Binti alifikiri. "Kwa hiyo sisi hatunaye tena?"

"Tunaye. Ila na yeye anaye."

"Basi mama yuko sehemu mbili," binti alisema, na ilionekana habari hiyo imempendeza.

Fundi hakupendezwa. Alimfikia Sadaka kwa namba ya ununuzi iliyobaki ndani ya faili, akamkalia kooni mpaka wakafika mahakamani. Na sheria ilikuwa upande wake, tusidanganyane. Sadaka alisimama akasema kwamba hakuuza hata nakala moja. Alisema nyongeza aliinunua kihalali, lakini mtandao ulipokatika mtaani kwao wiki mbili, kufuli lilimnyima kitu alichokilipia. Alipolivunja kwa ajili yake mwenyewe aliona hakuna sababu wengine waendelee kuhangaika. Hakimu alimjibu kwamba mnunuzi aliyeudhika anaweza kudai haki yake, ila hana ruhusa ya kugawa jasho la mwenzake. Mimi hapo nakubaliana na hakimu. Sadaka alipigwa faini, dukani wakamfukuza, na mahakama ikaamuru diski zake zilizotajwa kwenye orodha ziharibiwe mbele ya mlalamikaji.

Fundi hakuishia hapo. Aliwaandikia wote waliokuwa wakilishikilia faili lile, mmoja mmoja, kwamba majina yao yanakusanywa na zamu yao inakuja. Majina yenyewe hakuwa nayo. Lakini hofu haiulizi, na ndani ya siku tano walikuwa wamefuta wote.

Siku ya kuharibu diski walikutana uani nyuma ya mahakama. Afisa wa vielelezo, mnene, mwenye nyundo na miwani ya kuchomelea, alizipanga diski tatu kubwa juu ya tofali akaziponda bila haraka, kila moja mapigo manne. Kisha akakung'uta mfuko, ikadondoka diski nyingine, ndogo, saizi ya kipande cha sabuni.

"Hii haina lebo," alisema akipekua karatasi. "Na kwenye orodha haimo. Nadhani nimrudishie mwenyewe."

Sadaka alikuwa ameegemea ukuta. Akajitoa ukutani. "Hiyo niachie, kaka," alisema, na hakuwa akisema na afisa. "Nakuomba. Hiyo moja tu."

Fundi alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu yule akiomba, na moyoni alisikia raha ambayo baadaye alitamani kuitapika.

"Ponda na hiyo," alisema.

"Basi utasaini kwamba umeitaka wewe. Mimi sitaki maneno."

Fundi alisaini. Pigo moja lilitosha. Akiwa njiani alinunua soda mbili, na jioni ile alimsimulia binti namna alivyomkomesha mwizi wa mama, na binti akapiga makofi kwa sababu baba alikuwa anafurahi.

Wiki sita zikapita. Mchana mmoja umeme ulikuwa umekatika, ukarudi kwa kishindo, taa za mtaa mzima zikapasuka. Chini ya kitanda cha Fundi palitoka mlio mfupi na harufu ya plastiki. Funguo na rekodi za awali zote zilikuwa kwenye mashine ile, na diski ya akiba ilikuwa imechomekwa humo humo. Alikuwa amenakili kazi yake Jumatatu, akaona uvivu kuinama kuuchomoa waya.

Mtengeneza kompyuta alivifungua vyote juu ya kaunta, akavinusa, akavua miwani. "Bodi imekwenda. Diski zote mbili zimekwenda. Nikikwambia niachie nijaribu, nitakuwa nakula hela yako bure."

Fundi alirudi nyumbani mikono mitupu, akamkuta binti mezani, viatu mguuni. Kwenye kioo palikuwa na maneno aliyoyaandika Fundi kwa mkono wake mwenyewe: Ruhusa haikupatikana. Treni ilikuwa inatembea. Ikaingia Darajani kimya, ikatoka kimya.

"Baba, mama haongei."

"Nitatengeneza."

Kwa siku tisa alipambana na kufuli lake mwenyewe. Sauti ilikuwemo ndani ya laptopu, aliliona faili, uzito wake ni ule ule, lakini ilikuwa imevurugwa kwa makusudi, na ufunguo wa kuipanga ulikuwa kwenye mashine iliyoungua. Alijaribu kila alichokijua. Alikuwa amelitengeneza vizuri mno. Wanunuzi wake nao walianza kumwandikia matusi, maana reli waliyoilipia ilikuwa bubu kwao pia. Nyongeza yake nzima, yenye uwezo wa kusema bila kuuliza ruhusa, ilikuwa moja tu duniani: ile iliyoibwa.

Siku ya kumi aliingia mwenyewe kwenye mtandao wa kugawana mafaili. Alilikuta jina la nyongeza bado limeandikwa. Wanaolishikilia zima: sifuri. Wanaosubiri: thelathini na mmoja, na wote wamekwama asilimia themanini na nane, wanakosa vipande vile vile. Aliacha laptopu wazi akawa wa thelathini na mbili. Mstari ulisogea mpaka themanini na nane, ukasimama. Aliutazama mpaka bintiye akarudi kutoka shule.

"Si ulisema yule mwizi naye anaye mama?" binti aliuliza. "Twende tukamwombe."

Fundi alitaka kusema hapana, akakosa sababu ya kumpa. Alinawa uso, wakatoka.

Siku hizi Sadaka alikuwa anapiga pasi kwa dobi mmoja, chumba kirefu chenye mvuke na mashati yaliyotundikwa mpaka darini. Alipowaona hakuacha kazi.

"Shikamoo," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Ndugu yangu," Fundi alianza, "nimekuja na shida."

"Naijua. Wateja wako wananiandikia toka wiki ile. Watu waliokulipa kihalali wananiomba ile ya wizi." Sadaka aligeuza shati. "Sina cha kuwapa."

"Hakuna hata nakala moja? Hukuweka popote?"

"Ilikuwa kwenye ile diski ndogo."

Pasi ilipita kwenye kola, ikarudi. Fundi alishika ukingo wa meza.

"Zile kubwa zilijaa sinema," Sadaka alisema. "Kazi yako niliitunza kwenye ile, peke yake. Nimekwenda shule kwa treni ile miaka kumi na moja, kaka. Nilikuwa nasinzia kila siku, na yule mama ndiye aliyekuwa akiniamsha nishuke. Nilitaka kubaki naye."

"Ungesema. Pale uani, ungesema."

"Ningesema nini? Kwamba kitu nilichoshtakiwa kukiiba kimo humu, naomba mniachie?"

Fundi aliuliza habari za wale wengine, waliolishikilia faili, kana kwamba hajui.

"Uliwaandikia mwenyewe," Sadaka alisema, bila ukali. "Waliogopa. Hata mimi ningeogopa."

Binti alikuwa akifuata maneno yao, huku na huku. "Iko wapi hiyo diski ndogo?"

"Ilivunjika, mwanangu."

"Nani aliivunja?"

Sadaka aliisimamisha pasi. Alimtazama Fundi kitambo, na Fundi alijua anapimwa, akangoja apewe stahiki yake.

"Afisa wa mahakama," Sadaka alisema. "Ana nyundo kubwa yule." Kisha akachukua shati jingine.

Walirudi kwa miguu. Binti alimshika baba yake mkono na kumwambia kwamba afisa yule ni mtu mbaya sana, na kwamba akikua atamshtaki. Aliyasema hayo mpaka nyumbani. Na hapo ndipo Fundi angeweza kunyamaza, maana jamaa aliyemwangamiza alikuwa amemsitiri, bure, kama kawaida yake ya kugawa. Alinyamaza mpaka mlangoni. Alinyamaza binti alipokaa mezani na kuiwasha treni, ikaanza kusogea bubu kuelekea Darajani.

"Afisa hakutaka kuivunja," Fundi alisema. "Alitaka kuirudisha. Ni mimi niliyesema aiponde."

Binti hakugeuka. Treni ilipita kituo.

"Ulijua mama yumo?"

"Hapana."

"Ulimwuliza ina nini?"

"Sikumwuliza."

Alingoja binti alie, au amrushie kitu. Binti alikunja laptopu taratibu, akaweka mikono juu yake. Fundi alipiga magoti amfungue kamba za viatu, naye akaivuta miguu akaificha chini ya kiti.

Mpaka chakula kinapoa mezani alikuwa bado amekaa pale, na viatu vyake vya shule mguuni.